Bwana Tone Anatuachia Daftari la Namba za Amani

Miaka thelathini na saba, miezi minne na siku tisa. Huo ndio muda ambao fundi wetu wa maabara, huyu tunayemwita sote Bwana Tone, amekaa kwenye chumba cha mwisho wa korido akiinamia damu za watu. Anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri. Hizo siku tisa amezihesabu mwenyewe, na ametuambia kabisa kwamba zisipoandikwa hatakanyaga kwenye sherehe.

Wakubwa walitaka wasifu huu uandikwe na mtu wa ofisini mwenye kalamu nzuri. Bwana Tone akakataa. Alisema aandike mama wa jikoni, kwa sababu jikoni ndiko lilikokuwa friji. Ambao hawajaelewa maneno hayo wavute subira, wataelewa mbele. Mimi niliyepewa kazi hii niliishia darasa la tano, na tangu Jumatatu roho haijatulia, naogopa nisije nikamwaibisha mtu mzima wa watu mbele ya wajukuu zake. Mstari ukipinda mnisamehe. Sufuria nazijua zaidi.

Bwana Tone aliingia hospitali hii akiwa kijana mwembamba, kazi yake kuosha chupa za maabara. Alizisugua zikatakata hivi kwamba mkuu wa maabara wa wakati ule alipofungua kabati asubuhi alipiga yowe la mwizi, akidhani kabati ni tupu. Walinzi walikuja na marungu. Chupa zilipatikana palepale zilipokuwa, na kijana akapelekwa kusomea kazi yenyewe, maana mkuu alisema mtu wa namna hii akiachwa na sabuni atafuta hospitali nzima. Alirudi na cheti na koti jeupe. Koti hilo ndilo analovaa mpaka leo. Limetiwa viraka vingi, na fundi cherehani wetu wa mashuka anaapa kwamba la asili limebaki ni kola na vifungo viwili.

Jina la Tone alilipata kwa sababu hakuwahi kupoteza hata tone moja la damu ya mtu. Alikuwa akisema mgonjwa amelipa kwa maumivu, sasa wewe unamwaga kwa haraka gani? Haraka hakuwa nayo kabisa. Majibu hakumtuma mtu, aliyapeleka wodini mwenyewe, kwa mwendo wa bibi harusi. Ukimwona mikono iko nyuma, ujue namba ni nzuri. Mikono ikiwa mbele kifuani, kama mtu aliyebeba kifaranga, manesi walianza kutafuta dripu kabla hajafika mlangoni. Kukimbia hakukimbia. Mwaka ule nyuki walipovamia maabara, wenzake wote walitokea dirishani. Yeye alitembea, akafunga mlango taratibu, akaumwa mara kumi na saba, na idadi hiyo akaiandika ukutani kwa kumbukumbu. “Damu haikimbizwi,” alisema, uso umevimba kama mto wa kulalia.

Kwa miaka yote hiyo amekimbia mara moja tu. Nitafika huko.

Kwanza niwaeleze kazi iliyompa sifa, nayo ninaieleza kama alivyonieleza yeye, akiegemea friji langu na kikombe cha chai mkononi. Mwili ukiingiwa na wadudu wa ugonjwa, au ukiumia, huwasha moto wa ndani ili upigane. Moto huo huacha alama kwenye damu. Alama mojawapo hutengenezwa na ini, na wenyewe wa maabara huiita siaripii. Sisi jikoni tunaiita namba ya moto. Mtu aliyetulia anayo kidogo tu, tatu, nne hivi. Moto ukiwaka hupanda, ishirini, mia, hata zaidi. “Lakini mama,” alikuwa akiniambia, “damu ni kama moshi. Inakwambia nyumbani kunaungua. Haikwambii kunaungua jikoni au chumbani. Hilo lazima watu waingie wakaangalie.”

Kwenye wodi ya kiharusi ndiko alikokuwa mkali zaidi. Mtu akipigwa na kiharusi, koo nalo huweza kusahau kazi yake. Chakula, maji, hata mate yake mwenyewe, hukosa njia na kuteremkia mapafuni, na nimonia inaanza kimyakimya kama mchwa. Wengine hawakohoi, nguvu ya kukohoa wataitoa wapi? Homa nayo ni mwongo, maana ubongo ulioumia unaweza kuleta homa yake wenyewe. Na kiharusi chenyewe hupandisha ile namba kidogo. Kwa hiyo Bwana Tone alikuwa na msemo wake, ambao madaktari wanafunzi waliuandika mpaka kwenye viganja: namba moja ni umbea, namba tatu zilizofuatana ni ushahidi. Mpime siku anayoingia, mpime kesho, mpime keshokutwa, halafu uone inakopanda.

Sasa, kutokana na msemo huo wazo likamwingia kichwani na halikutoka tena. Kama namba ya mwanzo ina thamani hivyo, kwa nini tungoje mpaka mtu augue? Akanunua daftari kubwa lenye jalada jeusi, akaandika juu yake NAMBA ZA AMANI, na akaanza kumpima kila mfanyakazi akiwa mzima, mara moja kwa mwaka, ili siku akiugua tujue alikuwaje. Mganga mkuu alitoa mkono katikati ya kikao, macho kafumba, huku akiendelea kusoma ajenda. Daktari wa wodi ya kiharusi alimcheka. “Mzee wangu, namba ya mwaka jana haitanisaidia kitu. Nipe ya siku ya kulazwa.” Bwana Tone akamjibu atampa zote mbili, ya mwaka jana iwe ya kumfariji. Mlinzi wa getini alikimbilia juu ya tangi la maji. Bwana Tone hakumfuata. Alikaa chini kwenye kigoda na daftari lake tangu saa mbili asubuhi, akisubiri, akimpungia mkono mara mojamoja. Saa sita mlinzi alishushwa na mkojo. Namba yake ni nne.

Aliyegoma alikuwa mmoja, na huyo ni dada yetu mtunza stoo, Mama Funguo.

Wageni wetu mtakaomwona mbele na fimbo yake, huyo ndiye. Funguo zote za hospitali hii ziko kwake, mia moja arobaini na tatu, kwenye pete moja kubwa kama sahani. Hakuna hata mmoja ulioandikwa kitu. Alikatazwa, akaandikiwa barua, akasimama palepale: mwizi naye amekwenda shule, ukiandika “stoo” umemwonyesha njia. Yeye alizijua kwa vidole. Stoo ya dawa za kupimia aliifungua Jumanne na Alhamisi tu, ukiwa na fomu, na saini, na sababu. Bwana Tone alimwambia ugonjwa haujui Jumanne. Mama Funguo akamwambia basi aufundishe. Wakaishi hivyo miaka tisa, wakisalimiana kwa videvu.

Amani ilipatikana siku Bwana Tone alipojifungia nje ya maabara. Mama Funguo alikuja na pete yake, akasimama, akamwangalia kwanza. Wote tulioshuhudia tulijua anasubiri aombwe. Badala ya kuomba, Bwana Tone alitoa sindano mfukoni. “Ufunguo kwa damu,” akasema. Mama Funguo alicheka mpaka akashika ukuta, akakunja mkono wa gauni. Namba yake ilikuwa tatu. Ikaandikwa kwenye daftari ukurasa wa arobaini, na mlango ukafunguliwa.

Miezi minne baadaye, siku ya Jumatatu, alikuwa anafungua stoo ya mashuka, mdomo ukaenda upande. Mkono wa kulia ukaanguka kama taulo lililolowa, na funguo zikadondoka sakafuni kwa kishindo kilichosikika mpaka jikoni. Hii ni miaka sita iliyopita, na mimi nikisikia sufuria imeanguka bado namkumbuka. Sisi wawili tuliingia kazini mwaka mmoja. Mwanangu wa kwanza yeye ndiye aliyemfunga nepi ya kwanza, kwa fundo ambalo mimi mama yake nilishindwa kulifungua.

Basi akalazwa wodi ya kiharusi ya hospitali yake mwenyewe, kwenye mashuka aliyoyahesabu mwenyewe, hasemi, upande mmoja hausogei. Daktari akataka apimwe ile namba. Hapo ndipo hospitali nzima ilipogundua kwamba dawa ya kuipimia iko stooni, stoo imefungwa, na anayejua ufunguo hawezi kusema.

Bwana Tone aliingia jikoni, akafungua friji langu, akasogeza kabichi, na akatoa kopo lililoandikwa MAINI YA TONE, USIGUSE. Miaka minne nimelilinda kopo hilo! Nimegombana nalo na watu, nimemfukuza mpishi msaidizi kwa ajili ya maini hayo. Ndani yake kulikuwa na paketi za dawa ya kupimia, amezifunga vizuri kwenye mifuko miwili miwili, akiba ya siku zisizo Jumanne wala Alhamisi. Nilimuuliza hana haya kunidanganya mtu mzima mwenzake. Akaniambia hajadanganya, kwani kinachopimwa na dawa ile si kinatoka kwenye ini?

Jumatatu namba ya Mama Funguo ikatoka tisa. Jumanne kumi na sita. Daktari akasema hii ni ya kiharusi chenyewe, tutulie. Bwana Tone alipita jikoni mikono ikiwa nyuma. Nikashukuru Mungu, nikakoroga uji.

Hapa nasimama kidogo. Yafuatayo hayamo kwenye taarifa yoyote ya hospitali, na Bwana Tone kayameza miaka sita bila kuyatema. Aliponiambia niandike, alisema niandike ninachotaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nisingependa astaafu akiwa amenibebea mzigo wangu.

Kichwani mwa kitanda cha Mama Funguo palibandikwa karatasi: ASILISHWE KWA MDOMO MPAKA APIMWE KUMEZA. Niliisoma. Naweza kusoma. Lakini Jumanne ile jioni nilipopita na chupa yangu ya uji, alinitazama. Akaitazama chupa. Akanitazama tena. Mimi ni mama wa watoto watano, na jicho la namna ile silijui kulikataa. Nikajiambia karatasi inazungumzia chakula, na uji si chakula, uji ni maji yaliyopata bahati. Nikamlisha vijiko vinne. Hakukohoa. Hakupaliwa. Alifumba macho nami nikamfuta mdomo, nikaondoka nimeridhika, najiona mimi ndiye daktari.

Jumatano asubuhi ana homa kidogo, macho mazito, pumzi fupifupi. Daktari akasikiliza kifua kwa mbele, hakupata kitu cha maana, maana mgonjwa hawezi hata kuvuta pumzi kwa nguvu. Akasema huenda ni homa ya ubongo, huenda ni mkojo, tusikurupuke. Bwana Tone akaja jikoni kuchukua paketi kwenye lile kopo. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la vitunguu, silii, sijui niseme nilikuwa nafanya nini. Nikamuuliza kama uji unaweza kuingia mapafuni bila mtu kukohoa.

Hakuniuliza kwa nini. Aliniuliza, “Vijiko vingapi?”

Nikamwambia vinne.

“Jana saa ngapi?”

Nikamwambia saa kumi na moja jioni.

Akatoka. Baada ya muda, sisi wa jikoni, na wa kufua, na mlinzi wa getini, na mafundi waliokuwa juu ya paa, tuliona jambo ambalo bado linasimuliwa. Bwana Tone anakimbia. Koti lenye viraka linapepea, kandambili moja imebaki kwenye korido, karatasi iko juu kama tiketi. Mlinzi akadhani nyuki wamerudi, akajifungia kibandani. Mgonjwa mmoja wa mguu uliovunjika alikimbia naye hatua kadhaa kabla hajakumbuka. Namba ilikuwa themanini na nane.

Daktari akasema moto upo, hilo sikatai, lakini unawaka wapi? Bwana Tone akasema mapafu, na aanzie kulia chini. Daktari akamuuliza amejuaje hayo kwenye chupa ya damu. “Kwa umri wangu,” akajibu, akihema kama mfua chuma. Hakutaja uji. Hakutaja jikoni. Daktari akamgeuza mgonjwa ubavu, akaweka chombo chake mgongoni kulia chini. Baadaye alituambia alisikia kama mtu anakunja karatasi ngumu. Hewa kwenye damu ilikuwa imepungua. Mkojo ulipimwa, uko safi. Palipoingia dripu pako safi. Miguu haijavimba. Moshi ukapata chumba chake.

Palibaki picha ya kifua ya kuthibitisha. Na chumba cha picha, kama mnavyojua, kilikuwa kimefungwa.

Mganga mkuu aliunda kamati ya funguo, yeye mwenyewe mwenyekiti, mlinzi na mhasibu wajumbe. Mlango ule umevishwa bati zito la kuzuia miale, haupigwi teke. Ufunguo ni mmoja kati ya mia moja arobaini na tatu. Wakaanza kujaribu mmojammoja, kwa bidii kubwa na jasho. Ilipofika saa nane mchana wakawa wamejaribu funguo mia mbili na kumi. Pete haina mwanzo. Hakuna aliyeweka alama walipoanzia. Mhasibu akapendekeza waanze upya kwa kufunga kitambaa kwenye ufunguo wa kwanza, wakafunga, na walipozunguka wakakuta vitambaa viwili, kwa sababu na mwenyekiti alikuwa na wazo hilohilo na leso yake. Alhamisi jioni mlinzi alisema kuna ufunguo mmoja uliopinda amekutana nao mara ya nne, sasa wameanza kusalimiana. Kuhusu kuvunja mlango, mganga mkuu aliandika barua ya kuomba kibali. Kibali kilikuja miezi saba baadaye, pamoja na mafundi watatu na nyundo, wakakuta mlango uko wazi na watu wanapigwa picha kwa furaha. Walitaka kuuvunja hivyohivyo, kwani barua inasema uvunjwe. Aliyewazuia ni Mama Funguo na fimbo yake. Lakini hapo naruka.

Daktari hakuingoja picha. Jumatano ileile dawa ya mshipani ikaanza. Alhamisi namba ikapanda tena, mia moja arobaini na moja, na mimi nikaanza kuzungumza na Mungu kwa sauti mbele ya wapishi. Bwana Tone alikuja na mikono yake mbele, akakaa kwenye gunia langu la vitunguu. Akaniambia moto ukimwagiwa maji kwanza hutoa moshi zaidi, ningoje ya kesho. Nikamwambia nitakwenda kwa mganga mkuu nikaseme, nifukuzwe kazi, basi. Akaniambia, “Mama, wewe umesema kwa wakati. Wengine husema mazishini.” Kisha akaomba chai.

Ijumaa, mia na ishirini. Jumamosi, sitini na nne, na mikono yake ilikuwa nyuma tangu getini. Jumamosi hiyo hiyo mganga mkuu, aliyechoka mpaka malengelenge, aliileta pete kitandani. Mama Funguo alifungua macho, akaunyoosha mkono wa kushoto, akafumba macho tena. Vidole vilipita kwenye pete polepole, vikasimama. Akautoa ufunguo mmoja. Ulikuwa ule uliopinda. Kamati ilikuwa imeugeuza kulia mara zote nne, na ule hufungua kwa kushoto. Mlinzi alikaa chini sakafuni.

Picha ikapigwa. Kivuli kilionekana pafu la kulia, chini, palepale. Ilifika kama mgeni wa karamu anayekuja vyombo vikioshwa, lakini ilipokelewa. Jumatatu namba ikawa ishirini na moja.

Neno la kwanza la Mama Funguo lilitoka siku ya kumi na moja. Tulikuwa tumemzunguka, binti yake akilia, mimi nikilia zaidi ya binti yake, tukitegemea ataje mtoto au amshukuru Muumba. Akamwangalia Bwana Tone kwa muda mrefu, mdomo ukatafuta njia, akasema, “Saini.” Nani alimwambia habari za paketi za jikoni sijui. Fomu ilisainiwa palepale, juu ya kitanda, na daktari akaandika kwenye faili kwamba akili za mgonjwa ziko timamu.

Baada ya hapo Bwana Tone alianzisha mambo mawili ambayo leo ni sheria ya nyumba hii. La kwanza, hakuna mgonjwa wa kiharusi anayepewa hata maji kabla nesi hajampima kumeza kwa kijiko kidogo, na damu yake kupimwa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, hata Jumapili. La pili ni ile picha iliyo mlangoni mwa jikoni, aliyoichora kwa mkono wake: kijiko chenye alama ya kukatazwa. Bwana Tone hajui kuchora. Mwaka mzima ndugu za wagonjwa walidhani tunawaonya juu ya nyoka, na tukapunguza sana watu wa kuzurura jikoni. Chini yake aliandika UJI PIA NI CHAKULA. Watu walicheka wakidhani ni utani wake. Aliyejua maneno hayo ameandikiwa nani alikuwa mmoja, na huyo kila asubuhi hupita chini ya karatasi hiyo akiwa na sufuria.

Madaktari wa mahali pengine walikuja kuuliza siri ya wodi yetu ni mashine gani. Aliwaambia ukweli, kwamba mashine ni ile ile waliyo nayo wao, na namba peke yake haitibu mtu. Namba inakupa sababu ya kuuliza. Kisha lazima awepo mtu wa kujibu.

Jambo moja lilibaki. Wiki iliyopita, nesi mmoja alipokuwa akipekua daftari la Namba za Amani kwa ajili ya kukabidhiwa, aligundua kwamba mle kuna mlinzi, kuna mganga mkuu, kuna mpaka fundi wa bomba aliyekuja siku moja tu, lakini mwenye daftari hayumo. Miaka thelathini na saba hajawahi kuchomwa sindano. Bwana Tone anaogopa sindano! Alipoulizwa alisema ana kikao. Alipoambiwa hakuna kikao alisema ana kuku nyumbani. Jumatano Mama Funguo alikwenda na fimbo yake mpaka maabara, akawaingiza yeye na nesi ndani, akafunga kwa nje, akakaa kwenye benchi. Siku hizi maneno yake hutoka mojamoja, kama mtu anayechagua mchele, lakini hayo matatu korido nzima iliyasikia. “Ufunguo. Kwa. Damu.”

Bwana Tone alizimia kabla ya sindano na akazinduka baada yake, kwa hiyo kimsingi hakuwepo. Namba yake ni mbili. Iko ukurasa wa mwisho, na daftari litakaa kabatini kwa Mama Funguo.

Nilipofika hapa kuandika nikaona si haki Mama Funguo akutane na vijiko vyangu vinne kwenye karatasi, mbele za watu, siku ya sherehe. Nikamfuata nyumbani kwake jana, nikamsomea yote, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye uji nikaruka, akagonga fimbo chini nirudi. Nikarudi. Nikasoma mpaka mwisho. Nikamwambia dada, nisamehe, au niambie nisiichapishe, au nipige hiyo fimbo, chochote.

Akatafuta maneno, kwa muda. “Najua,” akasema. “Nilikuwepo.” Halafu akatafuta tena, na safari hii mdomo wake, ule upande unaosogea, ukaanza kucheka kabla ya neno. “Haukuwa. Na sukari.”

Kwa hiyo yamechapishwa yote.

Kaka yetu Bwana Tone, asante kwa damu zetu ambazo hukuzimwaga. Asante kwa siku uliyokimbia, na kwa miaka sita uliyonyamaza. Mkeo amesema nyumbani kuna kitanda kinachokusubiri mchana, kilalie, mikono ukiiweka nyuma. Ukijisikia vibaya usijikaze. Njoo. Hatutaanza kukuuliza ulikuwaje, kwa maana ulivyokuwa tumeshaandika. Tunakuombea mbili yako ibaki mbili, miaka na miaka, na siku ukitukumbuka upite mlango wa jikoni. Pale nyuma ya kabichi, mahali pa kopo lako, sijaweka kitu kingine.